Wote Wazima

Methusela alikuwa fundi cherehani pale Njombe, na cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja, kando ya barabara iendayo Makambako. Watu walimjua kwa suruali za kaki na kwa magauni ya wanakwaya. Kwamba alikuwa pia meneja wa Klabu ya Mshale, klabu ya mpira ya vijana, wengi walilisahau, na wengine hawakupata kulijua kabisa.

Waliojulikana ni wengine. Alijulikana Mwalimu Gideoni, aliyefundisha hesabu shuleni asubuhi na mpira jioni, mtu mpole ambaye ujanani alikuwa winga asiyeshikika. Alijulikana pia Bwana Filbert, karani wa bomani, ambaye ndiye mwenyekiti. Huyo alikuwa na koti zuri na sauti ya kutolea hotuba, na kila mechi ilipokwisha hakukosa la kusema.

Methusela yeye alikuwa na kazi. Mpira wa ngozi ukipasuka mshono, aliushona. Nguzo za goli zikioza, alikwenda kuomba miti ya miwati akaichonga na kuisimamisha. Uwanja ukiota majani aliufyeka kwa mundu, na asubuhi ya mechi alichora mistari kwa majivu aliyokusanya jikoni kwa watu. Jezi alizishona mwenyewe kwa vipande vilivyobaki dukani, na baada ya mechi alizipeleka mtoni kuzifua, hata mwezi wa saba, wakati maji ya Njombe yanauma mpaka vidole vinakataa kukunja ngumi. Mkewe, Fidelia, alikuwa akimwangalia akirudi na furushi la jezi mbichi kichwani, mwanamume mzima, halafu anasema, "Baba Emilia, hivi hao vijana hawana mama zao?"

"Wanao," Methusela hujibu. "Lakini mama zao wameshanipa watoto. Niwaongezee na kufua?"

Na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa kuliko zote: kupewa watoto. Mwaka ule wa hamsini na sita, kijana wa umri wa kucheza mpira alikuwa mtu wa kazi nyumbani kwao. Kulikuwa na viazi vya kulima, pareto ya kuchuma, kuni za kuleta kabla ukungu haujashuka. Mzazi wa Kibena hakuona sababu ya kumwachia mwanawe akakimbize ngozi iliyojazwa upepo mpaka Makambako. Kwa hiyo kila ilipokaribia mechi ya mbali, Methusela alipita nyumba kwa nyumba. Alivua kofia mlangoni, akasalimia kwa Kibena, "Kamwene," akaketi alipoonyeshwa, akanywa togwa aliyopewa hata kama tumbo limejaa togwa ya nyumba iliyotangulia, akasikiliza habari za ng'ombe na za wagonjwa. Mwisho ndipo alipoomba. Na kila alipoomba alisema neno lile lile: "Nitamrudisha mwenyewe, mpaka mlangoni."

Mlango uliokuwa mgumu kuliko yote ulikuwa wa Jeni.

Jeni alikuwa mjane. Alikuwa na vijana wawili, Sila aliyekuwa ameshatoa ndevu za kwanza, na Mika aliyekuwa bado mdogo. Sila alikuwa mshambuliaji wa Mshale, kijana mwenye mbio, anayeruka juu kwa mpira wa kichwa kana kwamba kuna mtu amemshika makwapa akamnyanyua. Mama yake hakuwa na habari na kuruka huko. Alichokijua ni kwamba baada ya mavuno Sila angekwenda Matembwe kwa mjomba wake, akajifunze kupasua mbao, na kwamba mpasua mbao anasimama juu ya gogo kutwa nzima, hivyo anahitaji miguu.

"Hapana," alisema Jeni, Methusela alipokwenda kumwombea Sila ruhusa ya kwenda Makambako kugombea kombe. Akarudi kesho yake, akaambiwa hapana tena. Siku iliyofuata akamkuta Jeni anapanga kuni, naye akavua koti akapanga naye. Kuni zilipokwisha Jeni akajifuta mikono kwenye kanga.

"Wewe fundi una kichwa kigumu," alisema. "Haya. Umesema utamrudisha mpaka mlangoni?"

"Mpaka mlangoni, mama Sila."

"Nimesikia."

Basi Methusela akaenda kutafuta gari. Alimfuata dereva wa lori la magome ya miwati, akambembeleza siku kadhaa, akamshonea na kaptura, mpaka yule akakubali kuwachukua vijana siku ya Jumamosi, wakae juu ya magome. Akawaomba akina mama viazi vya kuchemsha. Akapiga pasi jezi. Hapo ndipo Bwana Filbert alipoita kikao na kutangaza kwamba Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mkuu wa wilaya, angekuwapo Makambako kutoa kombe, na kwamba mpiga picha angetoka Iringa.

"Timu itakayoshinda itapigwa picha," alisema Filbert. "Wachezaji, mwalimu, mwenyekiti, na meneja."

Methusela alikuwa ameinama anashona mpira. Aliinua kichwa. Alikuwa hajapata kulisikia neno hilo likitamkwa pamoja na yale mengine. Na meneja. Alipofika nyumbani hakumwambia Fidelia, maana aliona haya, lakini jioni ile alitoa sandukuni koti lake la harusi akalitengeneza kola.

Makambako kulikuwa na upepo, kama kawaida yake, upepo mkavu unaopiga njiapanda ile toka kila upande na kuwajaza watu vumbi machoni. Vijana walishuka kwenye lori wananuka magome, wakala viazi, wakaketi nyuma ya gari wakijikinga na baridi. Methusela alianza kazi yake ya kila mechi: alipita kwa mmoja mmoja, akiwa na kibati cha mafuta ya kondoo, akiwakanda miguu. Mikono yake ilikuwa imezoea miguu ile. Aliijua ya nani ina kovu, ya nani hukakamaa mapema.

Alipofika kwa Sila na kushika kifundo cha mguu wa kulia, kijana alivuta pumzi kwa meno.

Methusela akaishusha soksi. Kifundo kilikuwa kimevimba, kimefanya rangi ya zambarau upande wa nje, na alipokibonyeza kilikuwa cha moto.

"Ulifanya nini?"

"Niliruka mfereji juzi na mzigo wa kuni." Sila alizungumza kwa kunong'ona, anaangalia upande aliokuwa Mwalimu Gideoni. "Fundi, tafadhali usimwambie mwalimu. Atanitoa. Unavyomjua."

Methusela alimjua. Gideoni aliumizwa goti akiwa kijana, wakamchezesha nalo, na tangu siku hiyo hakupata kuwa winga tena. Kwa sababu hiyo alikuwa na sharti moja ambalo hakulegeza hata siku moja: mwenye maumivu hachezi, hata awe nani. Na kwa kuwa vijana huficha, alimtegemea Methusela, ambaye mikono yake haifichwi kitu.

"Naweza kukimbia, fundi. Asubuhi nimekimbia."

Upande wa pili wa uwanja, vijana wa Makambako walikuwa wanapasha moto miili, wakubwa, wamekomaa. Bila Sila, Mshale ilikuwa haina mtu wa kufunga. Methusela aliliona hilo. Akauona pia mti wa miguu mitatu wa kamera ya mpiga picha, umeshasimamishwa kando ya kiti cha Bwana Shauri, umefunikwa kitambaa cheusi. Na baadaye, alipojiuliza tena na tena ni kipi hasa kilichoamua, hakuweza kujidanganya: ni kitambaa kile cheusi.

Alichana kipande cha kitambaa cha marekani kutoka kwenye mfuko wake wa ushonaji. Alikizungusha kifundoni kwa nguvu na kwa ufundi, akapitisha chini ya unyayo, akakaza, akavuta soksi juu yake. Ungetazama usingejua.

"Inauma?"

"Imepungua," alisema Sila, na akatabasamu.

Mwalimu Gideoni alikuja akiwa na filimbi shingoni. Aliuliza swali alilouliza kila mechi, kwa sauti ya chini, swali la watu wawili tu.

"Fundi, wote wazima?"

"Wote wazima, mwalimu."

Sila alifunga bao kabla ya mapumziko, kwa kichwa. Watu wa Njombe waliokuja kwa miguu na kwa baiskeli walipiga kelele mpaka ng'ombe waliokuwa wanapitishwa barabarani wakashtuka. Methusela alipiga makofi, lakini macho yake yalikuwa chini, kwenye soksi ile. Wakati wa mapumziko alimpelekea maji, akamtazama usoni. Uso wa kijana ulikuwa umepauka, jasho limemtoka puani, baridi yote ile. "Nipo sawa," alisema Sila kabla hajaulizwa. Methusela angeweza kumwita Gideoni. Alikuwa hatua chache tu kutoka pale. Badala yake alichukua kikombe akaenda kwa mchezaji mwingine.

Karibu na mwisho, mpira wa juu ulikuja, Sila akaruka. Hakuna aliyemgusa. Alishuka kwa mguu wa kulia, na mguu ukakataa. Ulisikika mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu, halafu kelele ya Sila, ambayo haikuwa ndogo.

Walimtoa nje, wakamlaza kwenye majani nyuma ya watu. Mchezo ukaendelea, filimbi ikalia, Mshale ikawa imeshinda. Vijana walirukiana. Bwana Shauri alitoa kombe, Bwana Filbert akalipokea kwa hotuba, na mpiga picha akaanza kuita watu wajipange.

Methusela alikuwa amepiga magoti kando ya Sila, anamfuta uso. Akasikia sauti ya Filbert: "Meneja! Yuko wapi meneja? Tusimngoje!"

Palikuwa na mama mmoja jirani aliyekuwa akiuza maandazi. "Mama, nikuombe," alisema Methusela. "Nishikie huyu kidogo."

Sila alimkamata mkono wa koti. "Fundi, usiende."

"Narudi sasa hivi."

Akakitoa kile kiganja kwenye koti lake, kidole kwa kidole, akakimbia. Alisimama mwisho wa mstari, upande wa kushoto, kifua mbele. Mpiga picha hakuwa na haraka. Aliwasogeza, akawageuza, akaingia chini ya kitambaa akatoka, akasema jua limekaa vibaya, akawahamisha wote. Wakati wote huo Methusela alisimama, na alipoambiwa acheke, alicheka.

Aliporudi, Sila alikuwa ametapika kwa maumivu. Yule mama wa maandazi alikuwa amemvua soksi na kukifungua kitambaa, naye alikuwa amekishika mkononi.

"Baba, nani alikifunga hiki?" aliuliza. "Huu mguu ulikuwa mbovu kabla. Tazama ulivyovia damu. Hii si ya leo."

Methusela alikichukua kitambaa, akakiviringa, akakitia mfukoni kabla Gideoni hajafika.

Njia nzima ya kurudi Njombe vijana waliimba, na lori lilipopiga shimo Sila alilia, na Methusela alikuwa amemshika mguu mapajani pake asiweze kuimba wala kulia. Walimshusha hospitali ya misheni. Wakamfunga plasta, wakamlaza. Siku alipotolewa, Methusela ndiye aliyekwenda kumchukua. Alimbeba mgongoni kutoka njia kuu, akapanda naye kile kilima, mpaka mlangoni kwa Jeni, kama alivyoahidi.

Mganga msaidizi wa hospitali alikuwa amemweleza Jeni waziwazi. Mfupa ule ulikuwa na ufa kabla ya siku ya mechi, na mtu akamchezesha mwanawe juu ya ufa. Ungepumzishwa, ungeunga. Sasa umevunjika vibaya, kijana atatembea, lakini atachechemea, na habari za kusimama juu ya gogo kutwa azisahau.

Na nani anayechezesha? Kila mtu alijua. Ni mwalimu.

Maneno yalienea Njombe haraka kuliko habari ya kombe. Jeni alimsimamisha Gideoni nje ya kanisa, mbele ya watu waliokuwa wanatoka ibadani, akamwambia, "Umekula mguu wa mwanangu kwa ajili ya kikombe cha bati." Gideoni alisimama ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Tangu siku hiyo wazazi walianza kuwatoa watoto wao mpirani. Bwana Filbert alisema kwenye kikao kwamba siku zote aliona mwalimu ana haraka ya ushindi. Gideoni akarudisha filimbi. Watu waliokaa karibu na shule walisema sasa anakwenda kazini kwa njia ya nyuma, ile ya makaburini, asikutane na mtu.

Methusela alingoja. Alingoja mtu aje barazani aseme, "Fundi, wewe ndiye unayewakanda. Ilikuwaje?" Hakuna aliyekuja. Walikuja kupimwa suruali, wakamlaani mwalimu, wakaondoka. Alikuwa amezoea kazi yake isionekane. Hakuwahi kufikiri kwamba na kosa lake halitaonekana. Usiposhukuriwa unaumia kidogo, unazoea. Hili la kutolaumiwa halikuzoeleka. Alikonda. Alishona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto, akafumua, akarudia kosa lile lile.

Fidelia alimuuliza, "Unaumwa?"

"Baridi tu."

Jumamosi akaanza kwenda kwa Jeni kulima. Hakuombwa. Alibeba jembe lake akafika asubuhi, akaanza pale tuta lilipoishia. Alilima viazi, akapasua kuni, akaziba paa la jiko. Sila alikuwa akikaa mlangoni, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, anamtazama. Hawakuzungumza mengi. Kijana alikuwa ameitunza siri yao ya nyuma ya lori, na kila macho yao yalipokutana, Methusela ndiye aliyeyakwepesha.

Halafu ikaja siku ile Jeni alipomletea togwa shambani. Akaketi kwenye tuta, akamngoja anywe.

"Baba Emilia," alisema, "nataka kukushukuru. Watu wote wamekula sherehe wakatusahau. Karani hajafika hapa. Mwalimu ndiyo usiseme. Wewe tu. Uliniahidi kumrudisha mlangoni, ukamrudisha mgongoni mwako. Kanisani nimewaambia akina mama: kama kuna mtu mwema Njombe hii, ni yule fundi."

Kwa miaka yote ile ya kufua na kushona na kuomba, hakuna aliyekuwa amemwambia Methusela neno la namna hiyo. Sasa lilimfika, na lilikuwa kama kumeza kaa la moto. Aliweka kibuyu chini. Akalishika jembe.

"Mama Sila, usinishukuru."

"Kwa nini nisikushukuru?"

"Mwalimu hakujua. Mimi nilijua. Mimi ndiye niliyeushika ule mguu kabla ya mechi, nikauona umevimba. Nikaufunga kitambaa nikaufunika na soksi ili mwalimu asiuone. Aliniuliza kama wote wazima. Nikamwambia wazima."

Jeni akauliza,

"Kwa nini?"

Methusela alikuwa amejiandaa kusema kwamba Sila alimwomba. Ilikuwa kweli. Lakini alipofungua kinywa aliona kwamba akilisema hilo atakuwa amemfunga kijana kitambaa kingine.

"Kwa sababu ya picha," alisema. "Walisema tukishinda, na meneja atapigwa picha. Nilitaka niwemo. Na hata alipovunjika nilimwacha chini analia, nikaenda kupigwa picha."

Mika alikuwa anafukuza kuku huko uani, sauti yake ikisikika mpaka shambani. Jeni aliinuka. Alikichukua kibuyu, akamwaga togwa iliyobaki kwenye udongo, polepole, mpaka tone la mwisho.

"Maliza tuta hilo," alisema. "Halafu uende kwa mwalimu. Nilimtukana mbele ya kanisa. Mimi nitakwenda kwake kwa miguu yangu, lakini wewe utangulie. Na hapa usije tena na jembe lako."

Methusela alilimaliza tuta. Machozi yalimtoka, akawa anayafuta kwa mkono wenye udongo.

Alimkuta Gideoni nyumbani kwake, anachonga mpini. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaweka kisu chini.

"Unajua kwa nini sikukutaja?" aliuliza. "Wakati wote wananitukana, ningeweza kusema nilimuuliza meneja, akaniambia wazima. Ilikuwa kweli. Sikusema, kwa sababu nilifikiri hukuona. Nilijiambia, mtu wa watu amechoka, amezunguka wiki nzima kutafuta lori, amepitiwa. Nikasema nisimtupie mzigo mtu anayefanya kazi yote hii bure."

"Mwalimu, nisamehe."

"Nimekuwa nikipita makaburini kwenda kazini, fundi." Gideoni alitazama mikono yake. "Watoto wangu wamepigwa shuleni kwa jina langu. Leo siwezi. Usiniombe leo. Nenda kawaambie wenzako kwenye kikao, halafu tutaonana."

Kwenye kikao Bwana Filbert alijaribu kumzuia. Yamepita, alisema, kombe liko kabatini, ya nini kuchokonoa? Methusela alisimama akasema yote, pamoja na habari ya picha, na hapo wengine walicheka kwa kutoamini, wengine wakatazama chini. Alisema anaacha umeneja. Hakuna aliyempinga. Jumapili iliyofuata Jeni alimsimamisha Gideoni pale pale nje ya kanisa, mbele ya watu wale wale, akamshika mikono yote miwili, na akamwomba radhi kwa sauti ya kusikika na kila mtu.

Aliyebaki alikuwa Sila. Methusela alimngoja njiani, siku ambayo kijana alikuwa ameanza kutembea na fimbo.

"Njoo barazani kwangu," alimwambia. "Nitakufundisha cherehani. Mguu mmoja unatosha. Nitakupa na mashine yangu ukishajua, mimi nitatafuta nyingine."

Sila alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo lilimwumiza Methusela zaidi.

"Hapana, fundi. Nitakaa pale, kila nikiinua macho nitakuta unaniangalia mguu. Sitaki." Akahamisha fimbo mkono wa pili. "Na mimi ndiye niliyekuomba usiseme. Mama hajui. Hukumwambia?"

"Hapakuwa na haja."

"Ipo. Nitamwambia mwenyewe."

"Ulikuwa mtoto, Sila. Unaomba mambo ya kitoto. Mimi ndiye niliyekuwa mtu mzima pale."

"Nilikuomba jambo jingine pia," alisema kijana. "Nilikuomba usiende." Akaondoka, anachechemea, anapanda kile kilima bila kugeuka.

Baada ya mavuno Sila alikwenda Matembwe hata hivyo. Mjomba wake alimketisha kwenye banda, akampa tupa, akawa mnoa misumeno wa wapasuaji. Habari zilizofika Njombe zilisema anafanya vizuri, na kwamba mvua ikikaribia mguu humsumbua.

Klabu ya Mshale ilikaa karibu mwaka mzima bila kucheza. Mameneja walichaguliwa wakapita. Mmoja alifua jezi mara moja akasema hajapata kuona maji kama yale, mwingine hakupata lori. Majani yaliota uwanjani mpaka magotini. Mwisho Gideoni mwenyewe alikuja barazani kwa Methusela. Tangu siku ile ya mpini walikuwa wamesalimiana tu. Alisimama kitambo anatazama cherehani.

"Vijana wanataka kucheza," alisema. "Mimi nimekubali kurudi, kwa sharti langu lile lile. Ila zile kazi nyingine zote hazina mtu. Utakuja?"

"Mwalimu, nani atanipa mtoto wake sasa?"

"Sijui. Nenda kaulize."

Basi Methusela akavaa kofia akaanza tena kupita nyumba kwa nyumba. Alivua kofia, akasema "Kamwene," akaketi alipoonyeshwa. Lakini safari hii, kabla ya kuomba chochote, alisema mwenyewe kilichotokea Makambako, hata kwa waliokuwa wanajua. Hakupunguza. Baadhi ya wazazi walimwonyesha mlango. Baadhi waliuliza maswali ambayo hawakupata kuuliza zamani: nani atawaangalia miguu, nani atasema mtoto akiumia, gari ni la nani. Wachache wakakubali.

Kwa Jeni alifika jioni, jua likiwa bado liko juu ya miwati. Mika alikuwa amekua; alikuwa akipiga kitambaa kilichofungwa mviringo ukutani, tap, tap, na alipomwona meneja aliacha akasimama wima.

Jeni alitoka nje. Hakumkaribisha kiti, naye hakukitazamia.

"Kamwene, mama Sila."

"Kamwene."

"Nimekuja kumwomba Mika."

"Sila aliniambia," alisema Jeni. "Kwamba alikuomba ufiche. Ungeweza kunitajia hilo siku ile, ukajipunguzia."

"Lisingepunguza kitu."

Jeni alimtazama mwanawe, aliyekuwa amekibana kile kitambaa kwapani, hapumui.

"Hapana," alisema. "Huyu hapana."

"Nimesikia, mama."

"Lakini umefanya vizuri kuja kuuliza hapa, usipite pembeni. Mwakani njoo tena uulize. Sisemi nitakubali."

"Nitakuja."

Methusela alivaa kofia. Mika alikuwa ameinamisha uso. Methusela alishuka njia ya kilima, akavuka kijito, akapanda upande wa pili ambako moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba ya mzazi mwingine. Alipofika alikung'uta matope miguuni, akavua kofia, akabisha hodi.